Dakika Tatu za Kulala Chali

Binti yangu alizaliwa amechoka. Ndivyo mkunga alivyosema, nami nikadhani anazungumzia usingizi. Uchungu ulikuwa umenishika tangu asubuhi ya siku iliyotangulia, na mtoto alipotoka hakulia. Nilisikia wanamsugua mgongo, nikasikia mtu anaomba oksijeni kwa sauti ya haraka. Alilia baadaye sana, kilio chembamba ambacho hakikuvuka kitanda. Siku ya pili akapata degedege. Tulikaa hospitalini hapo Kolwezi siku kumi na sita.

Siku ya kutoka, kila mtu alitupongeza isipokuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mfupi ambaye wodi nzima ilimwita mama kine, kwa kifupi cha jina la Kifaransa la kazi yake. Alinifuata hadi mlangoni.

"Mama, huyu mutoto alikosa hewa. Labda ubongo iliumia. Leo hatuwezi kujua. Akifika miezi mitatu, umulete."

"Lakini ananyonya muzuri."

"Ndiyo, ananyonya. Umulete tu."

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea kutafuta makosa. Katika miezi ile mitatu, nyumbani kwetu mtaa wa Dilala, nilimkagua mtoto kuliko nilivyowahi kukagua daftari lolote. Mbona ngumi hazifunguki? Mbona pikipiki ikipita barabarani anashtuka hivi? Majirani walimbeba, wakasema ni mzuri, amenenepa. Mume wangu, ambaye ni mchomeleaji katika karakana ya mgodi, alichoka na maswali yangu.

"Unatafuta ugonjwa wenye haujakuja," aliniambia. "Utauita, na utakuja."

Miezi mitatu ilipotimia nilimpeleka. Mama kine alitandika mkeka sakafuni, akamvua mtoto nguo zote isipokuwa nepi, akamlaza chali. Nilikatazwa kumgusa, kumsemesha, hata kumchekea. Akaishika simu juu yake, akarekodi dakika tatu. Nilisimama ukutani nimeshika mikono yangu mwenyewe. Mtoto alitazama dari. Mguu ulinyooka, ukarudi. Mkono ulinyooka, ukarudi. Mimi niliona mtoto mtulivu.

Mama kine alitazama video mara mbili. Kisha akaniita karibu.

"Kwa umri huu, mutoto muzima hatulii. Shingo, bikono, biguu, byote binacheza kidogo kidogo, binazunguka, sawa vile mutu anajiweka muzuri mu nguo mupya. Ni kidogo sana. Kama hawakukufundisha, huwezi kuiona." Akanigeuzia simu. "Kwa huyu, siioni."

"Ni kusema nini?"

"Video moja haitoshi. Labda alikuwa na usingizi. Juma mbili zikipita utapiga video ingine kwako nyumbani. Nitaituma kwa mwenzangu wa Lubumbashi. Sitamwambia mutoto alizaliwa namna gani. Aangalie tu."

Mume wangu aliposikia alikataa. Mtoto wake halazwi sakafuni uchi ili watu wa Lubumbashi wamtazame. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nasi, aliinuka akaenda chumbani kwake, na hilo lilinitisha zaidi. Familia yao ilitoka Kasai zamani kwa ajili ya kazi ya mgodi, na yeye alikuwa mtu wa kanisa na wa siri. Tangu degedege alikuwa akimtazama mjukuu wake kwa mbali, kama anayeogopa kumzoea.

Siku ya kumi na nne, mume wangu alipokwenda kazini, nilifunga mlango wa sebule na kutandika mkeka. Mtoto alikuwa ameshiba, macho wazi. Nilipoinua simu, mkono ulitetemeka, picha ikaruka. Nikaanza upya. Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe alisimama pale, akatazama simu, akatazama mtoto. Nilipiga hatua kumkinga mwanangu.

"Nilizaa mutoto ingine mbele ya kuzaa bwana yako," alisema.

Sikuwahi kusikia habari hiyo. Hata mume wangu hakuwa akiijua.

"Hakulia siku ya kuzaliwa. Niliambiwa nigoje, ni muvivu tu, atakaa chini mwenyewe. Nikagoja. Mwaka moja, miaka mbili. Hakukaa. Watu wakaanza kusema nilikula kitu kibaya, nikamuficha mu chumba. Alikufa na miaka ine. Hakuna mutu alinionyesha hata namna ya kumubeba." Akanyoosha mkono. "Leta telefone. Wewe unatetemeka."

Alirekodi yeye. Mkono wake haukutikisika hata kidogo kwa dakika tatu zote, lakini nilisikia anavyovuta pumzi.

Niliituma kwa mama kine, na jibu la Lubumbashi lilichukua siku nne. Mume wangu aliambiwa yote jioni ya siku ile ya kurekodi, na aliyemwambia ni mama yake, siyo mimi. Alitoka akakaa uani, mgongo ameuegemeza ukutani, hakula. Mama kine alipotuita, mume wangu alikuja nami.

"Yule wa Lubumbashi naye hakuona bikono na biguu binacheza," alisema mama kine. "Haiko hukumu. Lakini hatari ya mutindio wa ubongo ni kubwa sana."

"Atatembea?" mume wangu aliuliza.

"Sijui, baba. Najua tu ubongo yake ingali inajijenga. Tukianza leo, tunaijenga pamoja naye. Tukigoja mupaka ashindwe kukaa, tumechelewa."

Tulianza siku hiyo hiyo. Hakuna aliyemvuta viungo kwa nguvu. Kazi yetu ilikuwa kumfanya atake. Mama mkwe alimlaza kifuani kwake, uso kwa uso, mpaka ainue kichwa. Aliweka kifuniko cha sufuria upande wa mkono wa kuume, uliokuwa mvivu, akangoja aunyooshe. Mara nyingine alingoja nusu saa. Kulikuwa na majuma ambayo sikuona chochote, nikamchukia mama kine kwa kuniambia, kisha nikajichukia mimi.

Kabla ya mwaka na nusu daktari alithibitisha: mtindio wa ubongo, miguu na mkono wa kuume. Nililia, lakini sikushtuka. Wakati huo alikuwa ameshaanza kukaa, akiegemea mto.

Sasa ana miaka minne. Anatembea ndani ya fremu ya chuma ambayo baba yake aliichomelea, akaikata na kuichomelea upya mara tatu kadiri anavyorefuka. Maneno yake ni machache, na katika sisi wote anampenda zaidi bibi yake. Jumapili iliyopita fremu ilinasa kwenye jiwe uani, akaanguka. Nilikimbia kumwinua.

"Acha!" alipiga kelele. "Mi mwenyewe!"

Ilimchukua muda mrefu kusimama. Baba yake alitoka nje, akasimama kando yangu, wala hakuna kati yetu aliyesogea.