Mkataba wa Mama Mpangaji Uko Kwenye Daftari Langu

Wasomaji wa ukurasa huu, wakubwa zangu shikamooni. Nimemwomba mhariri afiche jina langu na la shule yangu kwa sababu baba naye hununua gazeti hili. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha nne hapa Arusha, na kwetu ni Levolosi. Ni mtoto wa kwanza kati ya wanne.

Baba alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha umma. Nilipokuwa darasa la tano kiwanda kilipunguza wafanyakazi, naye akawa mmojawapo. Kiinua mgongo chake chote alikitia kwenye ujenzi. Alisema kazi imemfukuza, lakini nyumba haiwezi kumfukuza. Akajenga nyumba ya mbele tunayoishi na vyumba viwili vya uani. Fedha zikamwishia vyumba vile vikiwa na kuta na bati tu, bila sakafu, milango wala madirisha.

Ndipo akaja mama mmoja mjane. Nitamwita Mama Upendo, ingawa si jina lake. Ni Mmeru wa kule juu mlimani, na baada ya mumewe kufariki shemeji zake walimwondoa kwenye shamba la kahawa. Alikuwa ameuza ng'ombe wake wawili pale Kikatiti akitafuta pa kuanzia. Alikubaliana na baba kama wengi wanavyofanya mjini hapa: yeye amalizie vyumba kwa fedha zake, halafu akae miaka kumi bila kulipa kodi.

Mama Upendo hajui kusoma, na baba alisema mkono wake umezoea spana kuliko kalamu, kwa hiyo niliambiwa niandike mimi. Nilichukua daftari langu la sayansi, nikaandika maneno yao kwenye ukurasa unaofuata mchoro wa mbegu ya haragwe. Baba akatia sahihi. Mama Upendo akajipaka wino wa kalamu kwenye dole gumba, akabonyeza. Baba akacheka, akaniambia, "Na wewe mama weka jina. Wewe ndiye shahidi wetu." Nikaliandika kwa herufi kubwa na kulipigia mstari kwa rula.

Sasa ni mwaka wa sita. Mama Upendo anauza ndizi sokoni na hajawahi kugombana na mtu. Mama alipolazwa wakati wa kumzaa mdogo wetu wa mwisho, yeye ndiye aliyetupikia, na loshoro yake ya mahindi na maziwa mgando wadogo zangu wanaililia mpaka leo.

Mwaka huu wageni wa ofisi za kimataifa wamejaa mjini, na nyumba zimepanda bei kuliko mishahara ya watu. Dalali mmoja alimwambia baba kwamba nyumba yetu ya mbele, ikipigwa rangi na kuzungushiwa ukuta, mzungu ataichukua kwa dola. Sisi sita tuhamie uani, kwenye vyumba viwili vya Mama Upendo. Baba akampa notisi ya miezi mitatu. Mama Upendo alimkumbusha kwa upole kwamba miaka kumi bado haijaisha. Baba akamjibu, "Makubaliano gani hayo? Nionyeshe karatasi." Mimi nilikuwa naosha vyombo palepale bombani. Mama Upendo alinitazama, nami nikaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

Jioni ile baba aliniuliza lile daftari liko wapi. Nilimwambia limeliwa na mchwa. Akasema, "Basi vizuri." Ni mara ya kwanza nimemdanganya baba, na alifurahi. Daftari limo kwenye begi langu la shule. Nimelivalisha jalada la kaki na kuliandika Jiografia.

Mama Upendo alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi akawaita wote wawili, na Mama Upendo akasema jambo moja tu: "Mtoto alikuwepo. Muulizeni mtoto." Balozi akaamua nisisumbuliwe mpaka nimalize mtihani wa mwisho, halafu atakuja nyumbani kuniuliza mbele ya wote.

Tangu siku hiyo kila mtu ananitendea wema. Baba ameninunulia taa mpya ya kusomea, na ananiambia fedha ya mzungu ndiyo itakayonipeleka kidato cha tano, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi. Mama Upendo bado ananiletea loshoro kwenye bakuli lenye mfuniko. Ananiambia tu, "Kula mwanangu, upate nguvu za kusoma." Laiti mmoja wao angenigombeza, ningejua pa kuegemea.

Nilimweleza mama. Alichambua mchele mpaka ukaisha ndipo akasema, "Ukimwaibisha baba yako mbele ya balozi, sisi tutaishi naye vipi?" Hakuniambia nilichome daftari. Wala hakuniambia nilitoe.

Wakati mwingine nawaza nimwonyeshe baba daftari akiwa peke yake kabla balozi hajaja. Labda akiiona sahihi yake atakumbuka alivyocheka siku ile, na atajirudi mwenyewe. Baba si mtu mbaya. Lakini akilichukua mikononi mwangu, Mama Upendo hatabaki na kitu chochote duniani kinachosema vile vyumba alivimalizia yeye.

Juzi nililifungua tena. Mwandiko ni wa kitoto, lakini unasomeka vizuri, na jina langu liko pale chini na mstari wake.

Zimebaki wiki tano nimalize mtihani. Ninyi mliopanga na ninyi mliopangisha, nawaomba mnisaidie mawazo kama mwanenu. Balozi akiniuliza, nifungue begi au niliache limefungwa?