Dawa ya Mama Mkubwa

Vipele vya kwanza vilimtoka binti yangu shingoni, mwaka alioanza darasa la kwanza hapa Misigiri. Vilikuwa vidogo kama punje za uwele, vigumu kidogo, vinang'aa, na kila kimoja kilikuwa na kishimo katikati. Havikumuuma wala kumwasha. Nilidhani ni joto tu, nikampaka mafuta ya alizeti, ambayo nyumbani kwangu hupakwa kila kitu kuanzia miguu ya watoto mpaka bawaba za mlango. Mwezi ulipoisha vilikuwa vimeshuka kifuani na kupanda shavuni, na viwili vimejikalia chini ya jicho la kulia kama wageni waliokaribishwa.

Nikampeleka zahanati. Daktari alimtazama kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kumfunga kamba za viatu asubuhi ile. Akasema ni virusi vya ngozi, watoto wengi huvipata, wala havina madhara.

"Vinaweza kukaa mwaka, hata zaidi," alisema. "Vitaondoka vyenyewe. Usivikamue, usivipake kitu chochote, na taulo lake lisitumiwe na mwingine."

"Na dawa, daktari?"

"Dawa ni kusubiri, mama."

Mimi si mtu wa kusubiri. Hata maharage ya nyumbani kwangu huliwa magumu kwa sababu hiyo. Nilirudi nimenuna, nikapitiliza moja kwa moja kwa jirani yangu ili nipate mtu wa kunisikiliza nikilalamika.

Huyu jirani nilimwita dada, ingawa hatukuzaliwa pamoja. Alinizidi umri, watoto wake walikuwa wameshaoa na kuolewa, na mume wake alikuwa Rungwa akifuga nyuki, anarudi mara chache na madumu ya asali. Nilipojifungua binti yangu sikuwa na mama, alishafariki. Dada ndiye aliyevuka uzio wa minyaa uliotenganisha nyua zetu, akamwogesha mtoto kila asubuhi mpaka kitovu kikadondoka, na baada ya hapo akaendelea kuja kana kwamba amesahau kuacha. Pale kwenye uzio alipokuwa akipita pakawa na uwazi, hatukuuziba. Binti yangu alijifunza kusema "mama mkubwa" kabla hajajua kutamka "mama" vizuri, jambo ambalo niliwahi kulionea wivu na kumwambia, naye akacheka mpaka akakaa chini.

Nilipomweleza maneno ya daktari akacheka vilevile. "Kusubiri! Kwa hiyo amesomea kusubiri?" Kisha akanionyesha kidole chake cha shahada. Alipokuwa mtoto alikuwa na chunjua pale, na mama yake aliichoma kwa utomvu wa mnyaa, ikadondoka. Palikuwa pamebaki alama ndogo nyeupe. Nilimwambia chunjua ni kitu kingine na shavu si kidole. Akasema haya, tumsikilize daktari wako.

Tukamsikiliza. Miezi ikapita, alizeti ikapandwa na kuvunwa, vipele vikaongezeka. Vikikauka viwili, vinatoka vitano kwingine. Shuleni wenzake wakaanza kumwita chura. Dawati lake lilikuwa la watoto watatu, akabaki peke yake. Kisimani wanawake waliacha kuniuliza habari za nyumbani, wakaanza kuniuliza kama mtoto nimempima, na mmoja akaniuliza kama mimi mwenyewe nimepima. Nilimjibu jibu ambalo sitaliandika hapa. Tulipima wote wawili, tukawa wazima, lakini ungewaambiaje watu? Ungepita mlango kwa mlango na cheti?

Katika mwaka ule wote ni dada peke yake aliyeendelea kumpakata. Watu wengine walimsalimia binti yangu wakiwa wameweka mikono nyuma. Dada alimlaza mapajani, akamsuka, akambembeleza kwa Kinyiramba, wakala mlenda chungu kimoja. Nilimkumbusha habari ya kuambukizana, akaniambia ngozi yake imeshazeeka, virusi gani vitaihangaikia. Nilimpenda sana kwa hilo. Nalisema wazi, maana yanayofuata yanaweza kumfanya msomaji afikiri vingine.

Siku yenyewe nilikuwa nimekwenda kukamua alizeti. Foleni ya mashine ilikuwa ndefu na umeme ulikatika. Binti yangu alirudi kutoka shule akilia, kwa sababu walikuwa wanajifunza ngoma ya kupokea wageni na mwalimu alimtoa kwenye mstari, kila mtoto alipokataa kumshika mkono. Hakunikuta. Akapita kwenye uwazi wa uzio akaenda kwa mama mkubwa, akamwambia hataki tena kwenda shule.

Dada alivunja kijiti cha mnyaa. Usiku ule alinieleza kila kitu akiomba msamaha, hakuficha hata kidogo. Alianza na kipele kimoja cha shingoni, akasubiri, akaona mtoto anavumilia. Akaenda cha pili. Akafika shavuni. Kisha akagusa vile viwili vya chini ya jicho, polepole, kwa ncha ya kijiti, akimwambia asijisugue. Lakini utomvu ule unachoma kama moto, na huyo alikuwa mtoto. Alijisugua.

Nilisikia mayowe nikiwa bado njiani, nimejitwisha dumu la mafuta. Sikujua ni ya binti yangu mpaka nilipofika. Dada alikuwa amemshikilia kichwa juu ya beseni, anammwagia maji jichoni kikombe baada ya kikombe, na yeye mwenyewe analia. Jicho lilikuwa limevimba likafumba. Tulipanda bodaboda watatu, mtoto katikati yetu, mpaka hospitali ya wilaya. Wauguzi walimwosha tena jicho kwa muda mrefu, wakampaka dawa, wakalifunga bandeji. Wakasema tusubiri ndipo tujue kama litaona.

Hapo kwenye benchi la hospitali ndipo nilipomgeukia. Nilimtukana kwa Kinyiramba, maana Kiswahili changu hakina makali ya kutosha. Nilimwambia wa kwake amewalea wakakua wazima, akaja kumharibu wa kwangu. Nilimwambia asitie tena mguu katika ua wangu. Alisimama, akafungua khanga aliyokuwa amejitanda, akaniwekea mapajani ili nimfunike mtoto baridi ya usiku, akaondoka. Watu wengine wangependa niseme nilikosea kumfokea. Sisemi hivyo. Mtoto wangu alikuwa ndani amefungwa jicho, na mimi nilikuwa mama yake.

Jicho lilipona. Ilichukua wiki kadhaa, na mpaka leo likipigwa na jua kali hutoa machozi, lakini linaona. Shavuni pamebaki mabaka meusi pale utomvu ulipomchoma. Wakati wote ule dada hakuja. Kila asubuhi nilisikia ufagio wake upande wa pili wa uzio, ukifika karibu na ule uwazi unanyamaza, kisha unaanza tena mbali. Mimi nilikaa na hasira yangu, nikisubiri aje aombe msamaha tena, kwa namna nitakayoridhika nayo. Siku moja sikusikia ufagio. Mwanawe mkubwa alikuja na pikipiki ya mizigo, akanisalimia kwa heshima, akasema mama amekwenda Rungwa kwa baba, hatarudi kuishi huku. Nilisema sawa. Niliingia ndani nikalia, na nilijikasirikia kwa kulia.

Vipele viliisha baadaye, sijui ni lini hasa. Nilikuwa nimechoka kuvihesabu. Jioni moja namwogesha nikaona mgongo wake ni laini, kifua ni laini, na shingo pia. Hata vile ambavyo dada hakuvigusa, vya kwapani na vya tumboni, vilikuwa vimekwenda zao bila kuaga, kama daktari alivyosema. Nilikaa pale na sabuni mkononi. Niliyetaka kumwambia alikuwa mmoja tu, naye hakuwepo.

Iliniuma hivyo kwa miezi kabla sijaushinda ukaidi wangu. Nikaomba namba kwa mwanawe. Rungwa mtandao ni wa kubahatisha, lakini siku ile simu iliita, akapokea. Hakusema haloo.

"Jicho lake?" aliuliza.

"Linaona, dada. Linaona vizuri."

Nikasikia anavuta pumzi. Nikamwambia yaliyopita yamepita, nyumba yake ipo, aje. Nikamwambia uwazi wa uzio bado uko wazi. Akasema kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, siwezi kumtazama usoni yule mtoto." Nikamwambia mtoto hana kinyongo, anamuulizia kila siku. Na ili kumthibitishia, nikampa binti yangu simu.

Sikujua atasema nini. Sikuwahi kukaa naye nikamweleza yaliyotokea ni nini. Nilimfokea mkubwa, mdogo nikamwachia ajielewe mwenyewe. Alishika simu kwa mikono miwili, kwa adabu, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo mama mkubwa. Vipele vyangu vimeisha vyote, hata vya tumboni. Dawa yako ilikuwa kali lakini imeniponya. Shuleni sasa wananishika mkono. Asante sana mama mkubwa."

Nilisogeza sikio. Upande wa pili hakukuwa na kilio wala neno, ila upepo tu. Matusi yangu aliyapokea akaweza hata kunipa khanga. Hili la mtoto lilimshinda. Kisha simu ikakatika.

"Mama," binti yangu aliniuliza, "mbona hajaitikia shikamoo yangu?"

Nikamwambia mtandao wa Rungwa ni mbovu. Akaniamini, akatoka kwenda kucheza. Tangu siku hiyo nimepiga mara nyingi, mchana na jioni. Simu inaita vizuri kabisa, lakini yeye hapokei.