Treni Iliyochelewa kwa Salamu

Kituo chetu hakikuwa hata na kibao cha jina. Kilianza kama kambi ya gengi, wale mafundi wanaotengeneza reli: vijumba vya mawe na kipande cha chuma cha kugonga asubuhi. Treni zilikuwa zikipita tu. Kisha ikaja operesheni ya vijiji vya ujamaa, watu wakatolewa maporini na kupewa viwanja kando ya reli, na mahali palipokuwa kimya pakawa na shule, duka la ushirika na kelele za mbuzi. Tukajenga banda la bati kwa kujitolea, tukapanga mawe yakawa jukwaa, tukaomba treni itokayo Goweko isimame. Tulikubaliwa: dakika mbili asubuhi ikienda Tabora, dakika mbili jioni ikirudi. Tikiti tulikata kwa gadi, mkuu wa treni, humo humo behewani. Alituletea na magazeti pia, akilalamika kila siku kwamba yeye si posta.

Mimi nilikuwa mhudumu wa wodi hospitali ya Kitete. Bila treni ile ningelazimika kuhamia mjini, na mama yangu asingenifuata. Tulikuwa wawili tu duniani. Alikwisha kuhamishwa mara moja, akaacha nyumba na mizinga yake ya nyuki, na alisema bila kupepesa macho, "Nimehama mara moja, inatosha. Kuhama kwingine ni kwenda kaburini."

Tatizo lilikuwa salamu. Kwetu mtu hasalimiwi juujuu. Anayeshuka lazima asalimiwe, anayepanda lazima aage, na aliye dirishani akielekea Tabora hawezi kuachwa akitazama tu. Mwangaluka, mwangaluka. Mmeamkaje? Na yule mtoto aliyekuwa na surua? Na ng'ombe? Ukimaliza kuulizwa, nawe unaanza kuuliza yote hayo upya, huku umeinama kidogo na kupiga makofi ya heshima. Wazee walitetea jambo hili kwa nguvu. Walisema reli imefuata njia ya misafara, na mtu aliyetembea miezi kutoka pwani huwezi kumtupia neno moja ukaenda zako. Gadi alipuliza filimbi mpaka mashavu yakamvimba. Dakika mbili zikawa kumi, na siku za mavuno zilizidi hapo.

Ndipo ikaja barua. Mkaguzi wa reli angekuja kutazama kwa macho yake, na treni ikizidisha dakika mbili mbele yake, kituo kingefutwa.

Tulikutana darasani, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti wa kijiji akapitisha azimio: treni ikionekana tu, salamu marufuku mpaka iondoke. Wote wakanyoosha mkono. Mimi nilinyoosha yote miwili.

"Mama, siku hiyo usiseme neno," nilimwambia nyumbani.

"Hata kukohoa?"

"Hata kukohoa!" Nilikuwa mkali, nakiri. Niliogopa.

Siku ikafika. Treni iliingia, na watu wamepanga mstari midomo imefungwa, kama tunaosubiri sindano. Wakashuka wa kushuka, wakapanda wa kupanda, hakuna aliyefungua kinywa. Mguu wangu ulikuwa tayari kwenye ngazi. Nikasema moyoni, tumeshinda.

Mkaguzi alikuwa ameshuka, mtu wa makamo, saa mkononi. Alitutazama kwa mashaka, akatembea mbele ya mstari mpaka kwa mama yangu, aliyekuja kunisindikiza. Hapo malezi yake yakamshinda. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Kimya. Kijiji kizima kilitazama vidole vya miguu. Mama alinitazama mimi. Nikatikisa kichwa.

Labda alidhani mama hasikii. Akasogea. "Shikamoo, mama!"

Midomo ya mama ilitetemeka. Nilishawahi kumwona amebeba gunia zima la mahindi kichwani, lakini sijawahi kumwona akiumia vile. Mkaguzi akamgeukia mwenyekiti, sauti imemnywea.

"Ndugu, nimewakosea nini?"

"Marahaba, baba!" Mama akapasuka. "Marahaba, marahaba! Mwangaluka! Hujatukosea, mwanangu. Umeamkaje? Umetokea wapi?"

"Nimezaliwa Sikonge, mama."

"Sikonge! Nyuki wanaendeleaje huko?"

Basi. Kijiji chote kililipuka. Madirisha ya treni yalifunguka na watu wakajazana vichwa nje, maana nao walikuwa wamebana salamu zao kifuani. Mkaguzi aliulizwa habari za mkewe, za watoto, za mvua, za wazazi wake kama wapo, naye akajibu moja moja na kurudisha kila swali, akipiga makofi kwa heshima na saa ikining'inia. Nilimkasirikia mama mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikamtazama anavyong'aa usoni, nikajikuta nacheka na machozi yale yale.

Gadi hakupuliza filimbi. Alisubiri mlangoni na daftari lake, anafurahia.

"Ndugu mkaguzi," akasema mwishowe, "tumesimama dakika kumi na nne. Niandike sababu gani?"

Mkaguzi akaitazama saa, akamtazama mama, ambaye bado alikuwa amemshika mkono.

"Andika mkaguzi alikuwa anasalimiwa."

Mkaguzi alikaa mbele yangu njia nzima. Tulipofika Tabora akauliza, "Yule mama ni wako?" Nikasema ndiyo, nikangoja hukumu. "Mwambie nimefika salama."

Ratiba mpya ilibandikwa mwezi uliofuata. Kituo chetu kilikuwemo, na kilipewa dakika kumi. Jioni hiyo nilishuka na kukimbia mpaka nyumbani, sikumsalimu mtu, na nilisemwa kijiji kizima.

Mama alisikiliza habari akisonga ugali. Tulipokwisha kula ndipo akaniambia kwamba tangu siku ya barua, kila nilipokuwa kazini, alikuwa akijizoeza kusonga ugali wa mtu mmoja. Ulimshinda kila siku.