Mkebe wa Javan kwa Mama Mkwe

Javan Wamalwa alikuwa jirani yangu Baba Dogo, ploti moja, ukuta mmoja. Kazi yake ilikuwa kugonga sufuria kiwandani, na chakula cha mchana alikula kwangu, maana mimi Koki ndiye niliyeuza chapati na githeri ya mahindi na maharagwe pale getini. Alikuwa mtu mzuri. Ila kichwa? Wee! Kilikuwa kigumu kuliko hizo sufuria.

Javan aliamini kila ugonjwa duniani unaogopa zile tembe za rangi mbili, nyekundu na njano, zilizouzwa kioski moja moja kama peremende. Kichwa kikimuuma, rangi mbili. Akialikwa harusi, anameza moja kabla ya kuondoka, eti ni kinga ya pilau ya watu. Hata kuku wake aliwapasulia tembe, akawamwagia unga kwenye maji ya kunywa. Na akichinja mmoja, anamla nusu mbichi, eti moto usije ukaunguza dawa iliyo ndani!

Mwaka wa themanini na nne tumbo likaanza kumwendesha. Akameza rangi mbili, likaendesha. Akameza mbili kwa mpigo, likaendesha zaidi. Basi siku moja akasimama mbele ya wateja wangu wote, akatangaza: "Ni githeri ya Koki!"

Ngai wakwa, Mungu wangu! Nilimfukuza na mwiko hadi mtaroni. Githeri yangu mimi, ninayoosha mahindi mpaka yanang'aa!

Lakini jioni mkewe, Nasike, aliniita kando huku analia. Akaniambia kuna damu. Baba yake Javan alikufa vivyo hivyo huko Bungoma, tumbo na damu, akificha hadi akabaki mifupa. Hasira ikaniisha papo hapo. Nikaogopa.

Asubuhi tukamburuta hadi zahanati. Daktari akamwambia alete choo chake kwenye mkebe kesho yake, aweke pale dirishani. Javan akatazama dirishani, akanywea. Aliyekuwa akipokea mikebe ni Mama Phelister, mama mzazi wa Nasike.

Sasa elewa. Kwao Javan, mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono wala hawaketi chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anachepuka. Wakilazimika kuzungumza, maneno yanapitishiwa kwa mtu mwingine, au kwa chochote kilicho karibu. Na huyu ndiye apelekewe choo?

"Heri nife," Javan akasema.

"Na utakufa kweli," nikamjibu. "Mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa watano!"

Kesho yake akatoka nyumbani ameshika kitu kizuri ajabu. Mkebe wa kakao, ameuzungushia karatasi ya Krismasi yenye nyota, na juu utepe mwekundu, ili mtu yeyote asijue amebeba nini. Alipofika dirishani alingoja mama mkwe ageuke, akautua mkebe, akatoka mbio.

Mama Phelister aligeuka akaona mgongo wa mkwe wake ukipotea langoni. Mkwe anayekimbia namna hiyo ana adabu kupindukia. Na mbele yake, zawadi! Tangu harusi alikuwa akingoja huyu kijana amkumbuke hata kwa kitambaa cha kichwa. Hakuifungua. Zawadi ya mkwe hufunguliwa mbele ya mashahidi.

Akaenda nayo kwake Kariobangi. Siku ya pili wakaja kina mama wa kanisa kwa maombi, na mimi nikaitwa kuleta chapati. Ule mkebe ulikuwa katikati ya meza, juu ya kitambaa kilichofumwa.

"Ni asali," mmoja akakisia.

"Ni majani ya chai, yale mazuri ya Kericho," akasema mwingine.

Nikaitambua ile karatasi yenye nyota. Nikafungua mdomo. Nikachelewa: Mama Phelister alikuwa ameshaufungua.

Vurugu! Viti chini, watu madirishani. Mama mmoja aliyekuwa bado amefumba macho akiomba alivuta pumzi, akapaza sauti: "Shetani ashindwe!"

"Mama, hiyo si zawadi!" nikalia. "Ni ya maabara!"

Nilidhani atautupa mtaroni na kumlaani Javan. Lakini Mama Phelister alikuwa amepokea mikebe miaka mingi. Alichungulia tena, taratibu. Uso ukambadilika.

"Koki," akaniuliza kwa sauti ya chini, "hii damu ameanza kuiona lini?"

Hakungoja hata chai. Tulitembea hadi Baba Dogo, yeye mbele. Javan alipomwona alijitupa ndani na kufunga mlango. Mama Phelister akaupa mlango mgongo, akamkabili kuku aliyekuwa akichakura uani.

"Wewe kuku! Mwambie mwenye nyumba mkebe wake umechacha. Alete mwingine kesho, na asiufunge utepe! Mwambie sitaki binti yangu awe mjane kwa ajili ya adabu!"

Ndani ikatoka sauti ndogo: "Kuku, mwambie mama nimesikia."

Mkebe ukaja, bila mapambo. Daktari alikuta vijidudu vinavyoingia na chakula, tena vilikuwa vimeizoea rangi mbili. "Umevilea mwenyewe, wewe na kuku wako wabichi," akamwambia. Mnasikia? Kuku, si githeri! Dawa nyingine ikatuliza tumbo.

Lakini damu haikukoma, na Javan alikuwa tayari kusema amepona. Mama Phelister akakataa katakata. Alisumbua madaktari mpaka Javan akapelekwa hospitali kubwa. Huko wakakuta uvimbe utumboni. Saratani, ingali changa. Wakaikata.

Nilikuwa wodini siku alipozinduka. Mama Phelister alisimama mlangoni, akatafuta wa kumpitishia maneno. Kuku hakuna. Nesi ametoka. Akanitazama mimi. Nami, makusudi, nikaangalia dari.

Akasogea hadi kitandani.

"Javan, mwanangu. Umeamkaje?"

Javan akavuta shuka hadi puani. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Nimeamka, mama."