Mzee Aliyefungwa Kwenye Jamvi

Sogea hapa unisikilize, nami nitakwenda polepole, maana jambo lenyewe lilituchanganya hata sisi tuliokuwa nalo nyumba moja.

Jirani yetu hapa Wete alikuwa Mgoa, fundi cherehani, Mkristo. Alipohamia Dar es Salaam kwa wanawe alimletea mama kitu kipana, bapa, kimefungwa kwa jamvi na kamba. "Nihifadhie, Bi mkubwa, nitakirudia." Mama akakipokea, akakisimamisha stoo, asiulize ni nini. Kwetu amana haichunguzwi; kumuuliza mwenyewe ni kama kumwambia humwamini.

Adabu hiyo ndiyo iliyotuponza. Mama husomesha watoto Kurani barazani, na mlango wa stoo uko hapo hapo. Kabla ya kuanza aliutia kufuli, watoto wasije wakaichezea amana ya watu. Watoto wakaliona kufuli, wakalisema makwao. Sasa elewa: hapa Pemba, mtu akifunga chumba kabla ya kusoma Kurani, watu hawafikirii amana. Wanafikiri kafuga kitu, jini au shetani.

Jirani mwingine, mama wa wasichana waliokuwa wakisoma kwetu, alikuja akasema waziwazi. "Shoga, hicho ulichokiviringisha jamvi kama maiti, kinakula nini?"

"Sikijui, na si changu."

"Hukijui, na wakilaza ndani!"

Akawazuia wanawe, na wengine wakamfuata. Chuo kile cha Kurani ndio maisha ya mama. Baraza ilipopwaya alikuwa akisomesha huku jicho liko njiani, akingoja kanzu na mitandio midogo ambayo haikuja. Hata mie nikawa nikipita stoo napunguza mwendo, nasikiliza.

Masika yakaingia, paa likavuja, jamvi likarowa. Hapo ikabidi lifunguliwe, au amana iharibike. Mama akamwita jirani yule yule aje ashuhudie.

Ilikuwa picha ya rangi, nakala ya mchoro wa kale wa makanisa ya Ulaya, nyeusi karibu yote. Mwanga ulitoka upande mmoja tu, ukamwangukia mwanamke aliyejitanda ushungi na mtoto mapajani. Nyuma yao, gizani, alisimama mzee mwenye ndevu.

Mama aliisogelea picha. "Huyu wamemkusudia Bibi Maryamu," akasema. "Na mtoto ni Nabii Isa."

Jirani akainama. "Na huyu mwanamume? Bibi Maryamu alikuwa na mume tangu lini?"

"Labda Nabii Zakaria. Si ndiye aliyemlea?"

"Mlezi gani anajificha gizani? Mie simwamini huyu."

Nikawaeleza kwamba kwa Wakristo huyo ni Yusufu, seremala, aliyemposa. Na wachoraji wale walipenda kutia giza jingi ili mwanga uonekane. Giza halikuwa na maana kwamba mtu ana ubaya.

"Haya, Yusufu," akasema jirani. "Lakini mbona anatutazama sisi, hamtazami mtoto?"

"Yuko ugenini, tena kafungwa jamvi," mama akamjibu. "Ungekuwa wewe ungetuamini?"

Jirani akacheka mpaka akakaa chini. Tuliianika picha kivulini, mama akaifunika khanga safi, akaielekeza ukutani, kwa kuwa chumba chenye sura za watu wazi hatusalii. Kesho yake wasichana wale walirudi na misahafu yao, na baada yao wengine. Mama yao, hata hivyo, bado akipita huchungulia mlango wa stoo. "Yule mzee yuwapo?" huuliza, wala sidhani anatania.

Kwa hiyo nawe, ukiachiwa kitu cha mtu, kifungue mbele ya mwenyewe na jirani mmoja, mkione nyote, kisha ukifunge.