Kambare Aliyenyimwa Vichwa

Kwetu Githongo samaki hakuwa chakula. Nyanya yangu alimwita nyoka aliyekosea njia akaingia mtoni, na sisi wajukuu tuliamini hivyo mpaka shule ilipotufundisha vingine. Hata baada ya shule hamu haikuja. Kisha nikaolewa Embu na mwanamume ambaye hakuridhika kumla samaki, akataka pia kukaa naye sebuleni. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Samaki mwenyewe ni kambare wa kigeni, mgongo mweusi, tumbo jeupe, mkia mwekundu wa pilipili, mrefu kuliko mkono wangu. Anakula samaki wenzake. Mume wangu hakumpa walio hai kwa kuogopa magonjwa. Alinunua walioganda, akawaweka kwenye droo ya chini ya friza. Droo ile sikuigusa kwa miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nikisema kwa sauti, ili asikie, kwamba katika nyumba hii yuko mmoja anayenunuliwa kitoweo kila wiki, na si mke.

Kiharusi kikamchukua mume wangu mkono wa kulia na maneno yote. Alibaki na macho, mkono wa kushoto, na kiti chake mbele ya tangi la kioo. Ukikigeuza kiti kitazame mlango, ananuna. Nikaelewa kwamba kumlisha yule kambare sasa ni kazi yangu, na droo ya friza ilikuwa imebaki tupu.

Na mimi, mwalimu mstaafu, kazi siifanyi nusu. Nilienda supermaketi, maana harufu ya samaki wa sokoni ingenishinda, nikachagua fileti: nyeupe, safi, bila mfupa, bila ngozi, bila jicho la kunitazama. Nyumbani kwetu mgeni wa heshima hukatiwa mnofu. Kichwa na mifupa ni mambo ya supu, ya wenyeji. Kambare nilimhesabu kuwa mgeni. Niliiosha fileti mara tatu, nikaikata vipande sawasawa, nikamtupia nikiwa nimevaa glavu za kuoshea vyombo.

Kila asubuhi nilipofungua mfuko, mume wangu aliinua mkono wake wa kushoto akajigonga kichwani. Taratibu, mara mbili, mara tatu, huku amenikazia macho. Nikasema, pole mzee, kichwa kinauma. Nikamletea kidonge na maji. Alikimeza akinitazama kwa namna ambayo mimi niliita shukrani. Kwenye kliniki walimpima presha wakasema iko sawa. Nikahamisha kiti mbali na dirisha, nikidhani ni jua. Asubuhi iliyofuata akajigonga tena, nami nikaleta kidonge kingine.

Mwezi wa pili wa fileti, kambare alianza kudhoofika. Mkia ulififia rangi, akawa analala kwenye kona, tumbo limegusa changarawe, na nikimtupia fileti aliitazama tu ikizama. Mume wangu naye akaanza kukataa uji. Sitaficha: niliogopa. Niliogopa kwamba samaki akifa, mwenye samaki atamfuata, nami nitabaki na tangi la maji. Jumapili kanisani nilimwombea kambare, nimefumba macho kwa nguvu ili anayeniona adhani namwombea mtu. Labda nilikuwa namwombea mtu.

Jumatatu fileti zilikuwa zimeisha. Nikajikokota hadi sokoni, kwa mama mmoja mwenye friza kubwa mlangoni pa kibanda chake. Ndani mlikuwa na tilapia wadogo wa kiganja, wazima, wameganda. Nikamwomba awakate vichwa avitupe, anipe miili tu.

"Ni za kupika?"

"Hapana, ni za samaki ya mzee. Iko kwa tangi, na haikuli."

Akaweka kisu chini. "Kumbe wewe ndio bibi ya mzee wa samaki kubwa! Huyo ni kastoma wangu! Mama, hiyo samaki haikulangi nyama peke yake. Mzee alikuwa anachukua hizi ndogo ndogo, zima, na mifupa, na matumbo. Anaangalia jicho kwanza. Ikiwa imeingia ndani, hataki. Akiona barafu mingi kwa paketi anasema hii iliyeyuka ikagandishwa tena, hataki. Na leo akichukua tilapia, wiki ijayo anataka aina ingine. Siku moja nilimkatia vichwa nikidhani namsaidia, akanirudishia zote." Akacheka, akajigonga kichwani kwa vidole, mara mbili, kumwigiza. "Akaniambia, 'Kichwa! Kichwa ndio chakula!'"

Nikaingiza mkono mwenyewe ndani ya friza, nikachagua wazima, nikiangalia jicho kwanza.

Wale tilapia niliwaacha wayeyuke polepole kwenye friji, kama yule mama alivyoniagiza. Asubuhi nikamshika mmoja mkiani, bila glavu, nikamwinua mbele ya mume wangu.

"Na kichwa, mzee."

Mkono wake wa kushoto ulibaki pajani. Kambare alikaa kwenye kona yake muda mrefu, nikadhani nimechelewa. Kisha sharubu zikasogea, akainuka, akafungua mdomo, na tilapia akaenda mzima. Mezani, kwa mazoea, nilikuwa nimeshaweka kidonge na glasi ya maji. Mume wangu akakisukuma kile kidonge kwa kidole mpaka kikaanguka sakafuni, halafu akacheka, kicheko cha upande mmoja, cha kwanza tangu augue. Nikacheka naye, kisha nikalia, maana kwa miezi miwili mtu huyu alikuwa akizungumza nami kila asubuhi, na mimi, mwalimu wa miaka thelathini, nilikuwa nikimjibu kwa vidonge.