Gemu ya Vidubwana na Swali la Bibi wa Ghorofani

"Wanakufa?"

Swali hilo niliulizwa asubuhi, Kariakoo imeshachangamka, mkokoteni umekwama mbele ya duka langu na mwenye nao anapiga kelele "pisha, pisha!" kana kwamba kuna mahali pa kupishia. Mimi nauza simu zilizotumika, chaja, spika na makorokoro yote yenye betri. Nimezoea kuulizwa kama kitu kinakaa na chaji, kama ni orijino, kama nina warantii. Kama kuna anayekufa, sikuwahi kuulizwa.

"Wanakufa akina nani, Bibi?"

"Hawa wanyama wa humu ndani."

Alikuwa ameshika gemu ya mkononi, ya kijivu, kona moja imemeguka. Nilikuwa nimeipata soko la mitumba la Mchikichini, kwa jamaa anayefungua marobota ya mabegi. Ilikuwa imelala kwenye mfuko wa begi la shule, imekuja nalo kutoka huko linakotoka. Mjukuu wake alikuwa amesimama pembeni, ananiangalia kwa yale macho ya mtoto anayejua kwamba hatima yake iko mdomoni mwa mtu mzima.

Huyo Bibi mtaa mzima tunamwita Bibi. Ni Mhindi, anakaa ghorofani juu yetu, na chini ana duka la zipu, vifungo na nyuzi. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, maana yeye kazaliwa hapahapa, mimi nimeshuka kutoka Moshi na lafudhi yangu begani. Kwao hata yai haliingii ndani. Asubuhi anawamwagia njiwa mtama pale kona, na chini ya mwarobaini anawanyunyizia sisimizi unga. Sisimizi, jamani! Siku nilipoua mende mbele yake kwa kandambili, alinitazama kwa huzuni mpaka nikamwomba radhi yule mende. Na akikutana na muuza ndege mwenye tundu, atawanunua wote, atapanda nao juu ya paa, atawafungulia mmoja mmoja huku midomo inamcheza kwa sala.

Basi ndiye huyo aliyekuwa ananiuliza.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mjukuu wake, ambaye amemlea tangu ananyonya, alikuwa anahama. Baba yake kapata kazi nje, wanaondoka Jumamosi, yeye na mama na baba. Bibi anabaki na zipu zake. Mtoto aliulizwa anataka zawadi gani ya kuagwa, akasema anataka gemu ile ya kukamata vidubwana, na hataki nyingine.

"Hiki ndicho atakachokuwa anakishika kila siku," Bibi akaniambia kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie. "Mimi sitakuwepo kumshika mkono. Siwezi kumpa kitu kitakachomfundisha kuua, halafu niseme ni zawadi yangu. Wewe ndiye unayevijua. Kipime, uniambie ukweli. Wakifa, sinunui, hata alie."

Mimi kuvijua! Mimi kifaa nakipima hivi: nakiwasha, naminya vitufe vyote, nasikiliza sauti, natazama kioo kama kina doa, nakichomeka chaji. Kikiitika, kinakwenda mezani. Kilichomo ndani si kazi yangu. Lakini utamkataliaje Bibi? Nikamwambia aje Alhamisi.

Nikakaa kwenye stuli nikaanza. Kiingereza chake kilikuwa cha kawaida tu, nikakimudu. Unakuwa mtoto fulani mwenye kofia. Mzee mmoja anakupa kidubwana wa kuanzia, anakwambia nenda kazunguke dunia ukakamate wengine. Unapita kwenye majani marefu, kidubwana anakurukia, wako anapigana naye, akichoka unamrushia kibuyu kidogo, fyuu, anaingia ndani. Fundi simu wa mlango wa pili akachungulia begani kwangu akacheka.

"Mama, umeanza uganga? Na kwaya umeacha?"

"Niko kazini, usinichoshe."

"Hao wanakufa, mimi nawajua. Damu inatoka mpaka puani."

Mteja mmoja akaingilia, hawafi bwana, wanalala tu. Mwingine akasema inategemea toleo. Kwa dakika chache dukani kwangu pakawa bunge, kila mtu kashika hoja yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuigusa gemu ile. Nikawafukuza wote nikaendelea.

Kidubwana niliyepewa mimi alikuwa kama konokono aliyebeba sufuria. Maskini ya Mungu, hakuwa na lolote. Kila pambano anapigwa la kwanza. Mara ya kwanza alipoanguka moyo ulinipiga, nikasogeza kioo karibu na pua. Macho yakamzunguka, sufuria ikapinduka, maandishi yakatoka: amezimia. Amezimia! Nikamkimbiza zahanati, maana humo kila kijiji kina zahanati, hakuna foleni, hakuna kadi ya bima, nesi anatabasamu. Ukipiga kitufe konokono katoka na nguvu zake zote. Nikasema moyoni, laiti na sisi.

Basi jibu nilikuwa nimelipata siku ileile ya kwanza. Ningeweza kuifunga gemu nikarudi kwenye chaja zangu. Sikuifunga. Kulikuwa na kitu kinanitekenya. Nikaanza kujiuliza maswali ambayo nilijua Bibi ataniuliza. Wakiwa ndani ya kibuyu wanakula nini? Kuna mwanga? Aliyekamatwa anamkumbuka mama yake pale majanini? Mimi nimekulia kwenye nyumba ambayo ng'ombe anakaa zizini tu, tunamkatia majani, tunampenda kweli, na mbuzi wa Krismasi tulikuwa tunamlisha mkononi mpaka siku yenyewe. Maswali ya namna hii hayakuwahi kunijia. Sasa nilikuwa mtu mzima na akili zangu, nimekaa Kariakoo, namsikitikia konokono wa betri.

Kama kuna anayetaka tathmini yangu ya kifundi, hii hapa. Muziki wake unakera, ni wimbo mmoja unazunguka mpaka unauota. Hadithi ni nyepesi. Watu wa humo wote wanasema sentensi moja, ukiwarudia wanairudia. Lakini ile hamu ya kujua kuna nini kwenye majani yanayofuata, loo, hiyo wameijua kuitengeneza. Jumatano nilimwona ndege wa bluu mwenye mkia wa moto. Nilimfukuza tangu wakati wa chakula cha mchana, wali wangu ukapoa, mteja akauliza chaja mara mbili akaondoka kwa hasira. Nilipomkamata nilipiga vigelegele. Fundi akatoka na bisibisi mkononi akidhani nimevamiwa.

Alhamisi nikapanda ghorofani na kundi langu zima ndani ya gemu, najiona mkubwa. Nikavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Akanimiminia chai ya tangawizi, akaweka sahani ya chevda, ile bitesi yao ya kukaanga yenye pilipili. Sebuleni masanduku yalikuwa wazi, sweta mpya zimekunjwa juu yake. Mtoto alikuwa chumbani na mama yake. "Haya, niambie."

"Hawafi. Wanazimia, wanatibiwa, wanaamka."

Akashusha pumzi. Nikajua nimemaliza. Wapi!

"Kinachowazimisha ni nini?"

"Wanapigana."

"Wanataka wenyewe?"

"Sijui, Bibi. Unabonyeza, wanapigana."

"Kwa hiyo hakuna anayewauliza." Hakuwa anagomba. Alikuwa anataka kujua kweli, kama mimi nilivyotaka kujua. "Na kibuyu kina mlango wa kutokea?"

Hapo nikafurahi, maana hilo nilikuwa nimeliona. Nikamfungulia orodha ya vidubwana, nikamwonyesha pa kubonyeza. Ukimchagua mmoja, chini kabisa kuna neno la kumwachia aende zake. Nikamweleza kila neno la Kiingereza, maana yeye anasoma Kigujarati na Kiswahili. Akaniomba nimwachie gemu mpaka kesho ajitazamie mwenyewe. Nikamwachia bila wasiwasi, nikashuka.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nafungua duka, nikamwona anakuja uso unang'aa kama mtu aliyetoka hija.

"Nimewaachia," akasema.

"Umewaachia akina nani?"

"Wote. Mmoja mmoja. Nimemsomea kila mmoja sala yake."

Roho iliniruka. "Na ndege? Yule wa bluu?"

"Huyo alikuwa wa kwanza. Ndege hakai kwenye kibuyu."

Jamani, nilikasirika. Nasema kweli, nilikasirika kama nimeibiwa. "Bibi! Gemu yenyewe ndiyo hiyo! Unawakamata ili uwe nao! Ukiwaachia umebaki na nini? Umebaki na kofia!" Fundi akatoka nje kutazama nani anagombana na Bibi wa watu. Nikaona haya, nikashusha sauti. Hata hivyo moyoni ndege wangu aliniuma.

Yeye alinisubiri nimalize. Kisha akaniwekea gemu mezani.

"Kuna mmoja amekataa," akasema. "Nimebonyeza, nimebonyeza. Hatoki. Yanakuja maneno. Nisomee."

Nikatazama. Orodha nzima ilikuwa tupu, amebaki konokono na sufuria yake. Nikabonyeza pale pa kumwachia, maandishi yakaja. Nikamsomea kwa Kiswahili, taratibu.

"Anasema, huyu ndiye wa mwisho uliyebaki naye. Hawezi kuondoka akakuacha peke yako."

Mtaani mtu alikuwa anatangaza soksi kwa kipaza sauti. Wiki nzima nilimwona huyu mama akifunga masanduku, akijibu kila anayempa pole kwamba mtoto si wa kufungiwa, aende akaone dunia, na akisema hivyo anacheka. Sasa mkono wake ulikuwa juu ya meza yangu, vidole vinagusa ile kona iliyomeguka.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Nani kaandika hivyo?"

"Mtu tu, Bibi. Wanaotengeneza gemu huko."

"Ana bibi yake, huyo mtu," akasema, akaichukua gemu. "Basi ataondoka na huyu."

Nilijaribu kumweleza kwamba kwa konokono yule mtoto hatafika popote, kwamba kijiji cha pili tu atapigwa, angalau nimkamatie wengine wawili watatu wa kumsaidia. Akakataa katakata. Jumamosi akampa mjukuu wake. Nilikuwepo, wanapakia masanduku kwenye gari. Mtoto akaiwasha palepale, akauliza, "Ba," maana ndivyo anavyomwita bibi yake kwa Kigujarati, "mbona yuko mmoja? Wengine wako wapi?"

"Wameenda kwao. Huyu kakubali kukaa na wewe. Lakini hujui kama anapenda kupigana. Muulize kwanza."

"Nitamuulizaje, Ba, haongei?"

"Utamuuliza, utasubiri."

Nikacheka kimoyomoyo, nikasema, mtoto wa watu akifika tu huko ataikamatia dunia nzima. Bibi alikwenda nao mpaka uwanja wa ndege akarudi, hajatoa chozi. Mchana wake alikuwa dukani anauza zipu.

Kumbe mimi ndiye niliyebaki na kiherehere. Nilitaka kujua. Kila Jumapili baada ya kuzungumza na mjukuu wake kwenye simu, Jumatatu Bibi akipita nilimwuliza konokono anaendeleaje. Mzima, ananijibu. Anatembea. Wamefuata barabara, majanini hawaingii, wamefika kwenye daraja. Jumatatu nyingine, bado wako darajani. Nikashindwa kuelewa. Daraja lile nililijua mimi, nilifika pale kabla sijageuka nyuma kumfukuza ndege: kuna mlinzi amesimama katikati, unapigana naye pambano moja, unapita. Mtu hawezi kukaa pale majuma yote hayo.

Siku moja ya sikukuu yao, mtoto akapiga simu mchana, Bibi yuko dukani kwangu anatafuta chaja. Akanipa simu tusalimiane. Yule pale, na sweta lake, nywele zimekatwa, nyuma yake dirisha lina ukungu. Gemu iko mkononi.

"Shikamoo, Anti."

"Marahaba, mrembo. Hebu niambie, mbona mmekwama darajani? Pigana na yule mlinzi mpite! Hata konokono akishindwa hafi, anazimia tu, nimempima mimi mwenyewe."

"Najua, Anti. Lakini Ba alisema nimuulize kwanza konokono kama anataka."

"Haya, umemuuliza?"

"Kila siku namuuliza."

"Anasemaje?"

Akaitazama gemu yake kidogo, kisha akanitazama mimi.

"Hajajibu bado. Tunasubiri."

Nikageuka nimpe Bibi simu yake. Alikuwa ameshakaa kwenye stuli yangu, chaja mkononi, analia mbele ya wateja wote, wala hajifuti.